Rubabu Kando ya Spinachi

Jumapili, 5 Machi 1995

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata padre kwenye kitubio: ninamchunguza mama mdogo. Ninajua anaamka saa ngapi, ananawia wapi, na kanga ipi anajifunga akienda bustanini. Anaitwa Tabitha. Baba alimleta kutoka Mwika mwezi wa Januari, kisha akaenda Mererani kuchimba mawe ya thamani, akatuachia. Hawajafunga ndoa. Yeye ni Mlutheri, na Bibi akilitaja neno hilo hulitoa taratibu, kama mtu anayetema kokwa.

Kosa lake silijui. Ni mpole, haongei sana, anafagia mpaka chini ya migomba. Hicho ndicho kinachonitia wasiwasi. Mtu anayefagia chini ya migomba anataka aonekane na nani?

Leo mvua ya kwanza imenyesha. Rubabu zimeamka.

Jumatano, 8 Machi

Mwalimu wa Kiswahili alisema shajara isimulie nyumbani kama kwamba msomaji hajawahi kufika. Basi nieleze.

Rubabu alizipanda mama yangu mzazi. Alikuwa mpishi kwa masista wa misheni hapa Kilema, na sista mmoja Mjerumani akampa vipande vya mizizi. Ni mmea wa majani mapana kama masikio ya tembo, na mabua mekundu machachu kuliko ndimu. Mabua yakichemshwa na sukari yanakuwa jamu, na wageni wa misheni wanaipenda. Hapa kijijini hakuna mwingine anayezilima. Mama alipofariki nikabaki nazo mimi, kando ya kitalu cha spinachi cha Bibi.

Aliyonifundisha nayakumbuka yote. Samadi inazunguka shina, haiwekwi juu ya kichwa chake. Ua likichomoza, livunje. Bua halikatwi: unalishika chini kabisa, unalisokota, unalivuta. Ukikata kwa kisu kisiki kinaoza, na wakati wa masika uozo unashuka mpaka mzizini. Na jani ni sumu. Bua chakula, jani sumu, kila mtu nyumbani anajua. Majani yote nayafukia shimoni nyuma ya choo.

Samadi inatoka kwa Chausiku, ng'ombe mweusi aliye bandani. Si wetu. Ni wa Meku Sirili, mzee wa kitongoji cha juu, amemweka kwa Bibi kama watu wa huku wanavyowekeana ng'ombe. Sisi tunapata maziwa na samadi, yeye anapata ndama. Ng'ombe wa kuwekwa akifa, mwenyewe lazima aitwe amwone kabla hajachunwa, la sivyo watasema tumemla. Bibi anasema mwanamke asiye na ng'ombe bandani ni mgeni katika kihamba chake mwenyewe, shamba la nyumbani kwake.

Jumamosi, 11 Machi

Mvua. Nimefua sare.

Jumatano, 15 Machi

Mabua matatu ya rubabu yamekatwa. Si kuvutwa, yamekatwa na mundu, na visiki vinatoa maji. Majani hayapo, mabua hayapo.

Nilimwuliza Bibi. Akasema, "Labda ni kuku."

Kuku gani anashika mundu?

Ijumaa, 24 Machi

Mengine mawili. Kisiki cha kwanza kimeanza kuwa cheusi.

Na mambo mengine ninayaona. Jana Bibi alijikwaa kwenye kigoda mlangoni, akaumia goti. Kigoda hicho hukaa jikoni siku zote. Nani alikitoa? Juzi mtori, supu yetu ya ndizi, ulikuwa na chumvi mara mbili. Bibi alisema ametia yeye mara moja tu. Nikamtazama mama mdogo, naye akainama kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Nyumbani kwetu chumvi haikuwahi kuingia mara mbili kabla ya Januari.

Jumapili, 2 Aprili

Kwenye mfereji nilimkuta Mama Primus, jirani yetu wa chini, akijaza ndoo. Kikombe chake cha maneno hakikauki.

"We Doris! Huyo Mlutheri wenu mzima?"

"Mzima, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona bibi yako amekonda? Anakula anachopika nani?"

"Wanapika wote."

"Wote!" Akacheka, akawageukia wenzake. "Mmesikia? Chungu kimoja, makanisa mawili. Lazima kiungue."

Walicheka. Mimi nilitazama maji. Huwa sipati jibu mpaka nimeshafika nyumbani, na leo hata nyumbani sikulipata.

Jumatatu, 10 Aprili

Nimemwona kwa macho yangu.

Nilitoka alfajiri kwenda kujisomea jikoni karibu na moto. Mlango wa banda ulikuwa wazi. Mama mdogo alikuwa ameinama kwenye hori la Chausiku, na mkononi ameshika jani la rubabu, zima, na bua lake jekundu. Aliponiona akalificha ndani ya kanga. Ndiyo, alilificha. Akasema, "Umeamka mapema, mwanangu."

Mimi si mwanawe. Nilisema, "Nina mtihani," nikaondoka.

Jani la sumu linatafuta nini kwenye hori la ng'ombe?

Jumapili ya Pasaka, 16 Aprili

Baba hakuja. Alituma sukari na kitenge kwa kondakta wa basi. Kitenge kimoja, wanawake watatu. Bibi alikipapasa muda mrefu, akasema, "Bluu nzuri." Ni cha kijani. Mama mdogo akasema haraka, "Nzuri kweli, mama." Anajipendekeza hata kwa rangi!

Nyama ilikuwa tamu. Sikumwambia.

Ijumaa, 21 Aprili

Sasa nahesabu majani ya rubabu kila jioni, na kila asubuhi kabla ya shule nafika tena. Siku ambazo majani yanapungua hazina mpango. Kichwa cha shina la mwisho kimeoza, ukikibonyeza kinatoa harufu ya viazi vilivyosahauliwa. Nimekikwangua mpaka kwenye nyama safi na kukipaka majivu, kama mama alivyokuwa akifanya.

Nimefikiri sana kwa nini mtu amlishe sumu ng'ombe asiye wake. Jibu nililolipata ni hili: Chausiku akifa Bibi ataaibika, na Bibi akiaibika nyumba itakuwa ya mama mdogo. Nimeliandika ili nione kama linasimama. Linasimama.

Jumatano, 3 Mei

Mama mdogo ameenda kwao Mwika, mama yake mgonjwa. Ameniambia mlangoni, sauti ya chini, "Doris, asubuhi kabla ya shule utazame hori la ng'ombe. Unielewe. Utazame vizuri."

Nilisema ndiyo. Ananitisha au ananiachia lawama? Sitagusa hori lile hata kidole. Isije kesho yake ikaulizwa nani alikuwa wa mwisho kuligusa.

Alhamisi, 4 Mei

Mvua usiku kucha. Mfereji umefurika. Sikwenda bandani.

Jumamosi, 6 Mei

Chausiku ameanguka.

Bibi aliniita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu msiba wa mama. Ng'ombe alikuwa amelala ubavu, miguu inatetemeka, mate yanamtoka kama povu la sabuni. Alijaribu kusimama akashindwa, akaanguka tena. Bibi alikaa chini kwenye kinyesi na nguo yake ya nyumbani, akakiweka kichwa cha ng'ombe mapajani.

"Kimbia kwa bwana mifugo. Kimbia, mjukuu wangu, asije Sirili akamkuta hivi."

Nilikimbia kwa miguu mitupu kwenye tope mpaka kwa Ebenezeri, bwana mifugo. Alikuja na mfuko wake na baiskeli ambayo muda mwingi aliibeba yeye. Alimpima Chausiku masikio, akamfungua mdomo, akauliza, "Amekula nini?"

"Majani," Bibi akasema. "Kama kila siku. Migomba, nyasi, majani makuukuu ya spinachi na kabichi."

Ebenezeri akaingiza mkono horini, akatoa kipande cha bua. Kilikuwa chekundu.

"Hii ni spinachi gani?"

Bibi aligeuza uso kuelekea sauti yake, akanyamaza. Kisha nikasema mimi, "Ni rubabu. Jani lake ni sumu."

Alimpiga sindano ya kalsiamu shingoni, polepole sana. "Shukuruni nilikuwa nayo," alisema. "Nimeinunua mwenyewe mjini. Siku hizi serikali inanipa kalamu tu."

Mchana Chausiku alinyanyua kichwa. Jioni alisimama, miguu imepanuka kama meza. Meku Sirili alikuwa ameshafika, na watu wamejaa uani. Mama Primus alinivuta kando penye mibuni.

"Sema, mwanangu. Nani anamlisha huyu ng'ombe?"

"Bibi."

"Na nani mwingine?"

Nikasema, "Nilimwona mama mdogo na jani lile. Kwenye hori. Kabla ya Pasaka."

Sentensi tatu. Sijawahi kusikilizwa vizuri hivyo maishani.

Jumapili, 7 Mei

Mama mdogo amerudi kutoka Mwika. Alipofika mfereji ulikuwa umejaa akina mama, na hakuna aliyeitikia salamu yake. Aliingia moja kwa moja bandani bila kuweka chini kapu. Nilimsikia akisema peke yake, "Siku tatu. Siku tatu tu." Kisha akalia.

Anajutia alichofanya, nilifikiri.

Jumanne, 9 Mei

Meku Sirili alikuja tena. Ni mzee mrefu, anavaa koti la mvua hata jua likiwaka. Alikunywa chai, akasema kwa utaratibu:

"Mektrida, mimi na wewe tumewekeana ng'ombe tangu mume wako yu hai. Sijawahi kuhesabu maziwa yako. Lakini kuna maneno njiani. Jumapili baada ya misa nitakuja na wazee. Aliyemlisha asimame aseme. Asiposema mtu, ng'ombe naondoka naye."

Bibi alikuwa anazungusha rozari. "Njoo," alisema. Neno hilo moja.

Mama mdogo alikuwa mlangoni ameshika birika. Mama Primus ameshatangaza kwamba Jumapili Mlutheri atafungashwa kurudi Mwika kabla Baba hajajua. Nilidhani nitafurahi.

Alhamisi, 11 Mei

Naandika shuleni, wakati wa mapumziko.

Leo niliamka kabla yao wote nikajificha nyuma ya ghala. Nilitaka kumkamata, nimwonyeshe Bibi, nisiwe tena mtu wa maneno ya njiani.

Aliyetoka kwanza ni Bibi. Alikuwa na mundu. Alipita uani akihesabu kwa mkono: nguzo, pipa, kona ya banda. Alifika kwenye spinachi, akainama, akaanza kukata majani makuukuu ya chini, akiyatafuta kwa vidole. Alikata spinachi. Akasogea. Akakata spinachi. Akasogea, mstari ukaisha, mkono ukaendelea, akakata rubabu. Bua nene, jani pana. Akaliweka kwenye fungu pamoja na mengine, akaguna kama mtu aliyeridhika.

Nilikuwa nimeshatoka nyuma ya ghala, niko mbele yake kabisa, hatua chache, na kumepambazuka. Aliinua uso akanitazama. Hakuniona.

Alilipeleka fungu bandani, akatoka, akarudi ndani kwa njia ile ile: kona, pipa, nguzo. Ndipo mama mdogo akatoka jikoni. Akaingia bandani, akaanza kuchambua hori, jani moja moja. La rubabu aliliweka kwenye kanga. Nilisimama mlangoni.

"Kumbe unajua," nilisema.

Hakushtuka. "Nilijua siku ile nilipoletwa. Alinikaribisha vizuri sana, akaipa mkono nguzo." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Haoni, Doris. Anaona mwanga tu."

"Kigoda..."

"Nilikitoa nikapepeta mchele, nikasahau kukirudisha. Hilo kosa langu."

"Na chumvi?"

"Chumvi yake."

"Kwa nini hukusema? Wanataka kukufukuza!"

Aliendelea kuchambua. "Niseme nini? Mimi niliyekuja juzi, nisimame mbele ya wazee niseme mama mkwe ni kipofu? Wamchukue ng'ombe kwa mdomo wangu? Yeye mwenyewe anaficha. Mtu akificha udhaifu wake mbele yako, unamsaidia kushika pazia. Hivyo ndivyo nilivyolelewa."

"Ungeniambia mimi."

"Nilikuambia utazame hori."

Nilichukua daftari zangu. Nikashika njia ya shule.

Ijumaa, 12 Mei

Ninamtazama Bibi sasa jinsi nilivyokuwa namtazama mama mdogo. Ebenezeri alipotoa bua lile jekundu, Bibi alinyamaza. Watu wanapomsema Tabitha, ananyamaza. Anajua au hajui? Kama anajua, basi anamwacha mkwewe afungashwe ili abaki na ng'ombe. Bibi yangu aliyenifundisha kusali. Nikisema, anampoteza Chausiku na watu wote watajua. Nisiposema, Tabitha anarudi Mwika na jina la mtia sumu, na jina hilo nimempa mimi.

Sikula.

Jumamosi, 13 Mei

Nilikata jani la isale mpakani mwa kihamba, nikalifunga fundo. Wazee wa huku wanasema mtu akikuletea isale lenye fundo huwezi kumkatalia msamaha, hata kama amekuua nusu. Sijawahi kubeba isale. Nilikwenda nimelificha ndani ya sweta mpaka kwa Meku Sirili.

Alikuwa anasuka kamba. Nilimsalimu, nikamwekea jani mapajani. Aliligeuza, akalipapasa fundo.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Shikamoo, Meku."

"Umeshanisalimu."

Nikamwambia yote. Macho ya Bibi, mundu, mstari wa spinachi, mama mdogo na kanga yake, na maneno niliyompa Mama Primus. Nilisema nikitazama kamba, lakini nilisema mpaka mwisho.

"Tangu lini haoni?"

"Sijui, Meku. Mimi nilikuwa namtazama mtu mwingine."

Alicheka puani, bila furaha. Kisha akasema isale amelipokea, na wazee hatawaleta. "Lakini ng'ombe hawekwi kwa mtu asiyemwona. Siku moja ng'ombe atakuwa amelala tu, bibi yako akamkanyaga. Namweka kwa huyo wa Mwika. Jina lake ndilo nitakaloita nikija kuuliza habari za ndama. Banda ni lile lile. Na bibi yako umwambie wewe."

"Mimi?"

"Ulipojua njia ya kuja huku, utaijua ya kurudi."

Jumapili, 14 Mei

Nilimwambia baada ya misa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, amevaa nguo za kanisani, akiwasubiri wazee. Mama mdogo alikuwa jikoni. Nilipiga magoti nikamwambia wazee hawaji, na kwa nini hawaji, na ng'ombe sasa amewekwa kwa nani.

Bandani Chausiku alikuwa akicheua.

"Bibi, ulijua kwamba ni wewe?"

"Usiku ule baada ya bwana mifugo nilinusa mkono wangu," alisema. "Ulikuwa na uchachu. Nikajiambia ni jasho." Baadaye kidogo akaongeza, "Nikajiambia kwa siku nyingi."

Kisha akasema, "Niletee. Yote mawili."

Nilikwenda bustanini, nikasokota bua moja la rubabu, nikachuma na jani la spinachi. Nilimpa moja kila mkono. Alivipapasa kama anavyopapasa shanga. Spinachi: bua bapa, laini. Rubabu: bua la mviringo, lenye mifereji, limekaza. Alipitisha ukucha kwenye ile mifereji mara nyingi. Akaliuma bua, uso ukajikunja.

"Mama yako alikuwa akila hii mbichi," alisema. "Sikumwelewa kamwe." Akapaza sauti, "Tabitha!"

Mama mdogo akatokea mlangoni na mikono ya unga.

"Abee, mama."

"Ng'ombe wako amekunywa maji?"

Mama mdogo alinitazama, kisha akamtazama yeye. "Bado, mama."

"Basi unangoja nini? Ng'ombe wa watu huyo."

Alitoka mbio. Bibi akashusha sauti. "Doris, nenda mfereji. Waambie mimi sioni. Waambie wewe, kabla hawajaambiana."

Nilikwenda. Mama Primus alikuwepo na wenzake. Nilisimama juu ya jiwe la kufulia kwa sababu niliogopa sauti yangu haitafika, nikasema kwamba Bibi haoni, kwamba yeye ndiye aliyekata majani bila kujua, na kwamba Tabitha alikuwa akiyatoa, hakuyatia. Nikasema niliyosema penye mibuni yalikuwa uongo niliodhani ni kweli. Mama Primus alifungua mdomo. Nikasema sijamaliza. Nikamaliza, nikajaza ndoo, nikarudi.

Mchana nilichukua jembe. Nilizing'oa rubabu zote, na udongo wake, nikazihamishia juu nyuma ya mibuni, mahali Bibi hafiki. Mama mdogo alileta samadi kwa karai. Nilimwonyesha namna ya kuizungushia bila kufunika kichwa, na tulipomaliza nilimwomba msamaha. Alisema tunawe mikono kwanza, mvua inakuja. Tukanawa.